Ushauri wa vidonda vya mgandamizo umfuate mgonjwa nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie viongozi wa hospitali za rufaa za Kilimanjaro na Arusha, pamoja na familia zinazouguza wagonjwa wa muda mrefu majumbani, kuhusu vidonda vya mgandamizo, ambavyo wengi wetu tunaviita vidonda vya kulalia. Mimi ni muuguzi mstaafu, na mpaka leo majirani na waumini wenzangu huniita kwenda kuviangalia, Kibosho, Uru na kwingineko. Ombi langu ni kwamba hospitali hizi zianzishe utaratibu rasmi wa kumshauri kwa simu na kwa video muuguzi wa zahanati, au ndugu anayemhudumia mgonjwa, ili mgonjwa asisafirishwe ila pale safari inapokuwa na jambo la kumfanyia ambalo nyumbani haliwezekani.

Kidonda cha mgandamizo hutokea pale uzito wa mwili unapoibana ngozi na nyama kati ya mfupa na kitu ambacho mtu amekilalia au kukikalia, kwa muda mrefu kiasi cha damu kushindwa kupita. Mtu mwenye afya hujigeuza hata akiwa usingizini, lakini aliyepooza kwa kiharusi, aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka mtini au kwa ajali ya bodaboda, na bibi aliyevunjika nyonga na kubaki kitandani, hawawezi kujigeuza, na wengine miongoni mwao hawasikii hata maumivu ambayo yangewaonya. Hushambuliwa kifandugu (mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo), nyonga, visigino, vifundo vya miguu na mifupa ya makalio. Mara nyingi uharibifu huanzia chini, karibu na mfupa, ndiyo maana familia huona kitundu kidogo kwenye ngozi wakati ndani tayari pana shimo, na maambukizi yakifika kwenye mfupa au yakiingia kwenye damu, mgonjwa anaweza kufa kwa kidonda, si kwa ule ugonjwa uliomlaza.

Dkt. Ludwig Guttmann alipoanzisha kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, majeruhi wa aina hiyo walikuwa wakihesabiwa kuwa watu wa kufa, wengi wao kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Alichosisitiza ni mgonjwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na ngozi yake kukaguliwa. Miaka zaidi ya 80 imepita na msingi wa tiba haujabadilika: kidonda hupona pale mgandamizo unapoondolewa, na mgandamizo huondolewa na mtu aliye karibu na kitanda. Kwa sababu hiyo naamini kwamba ushauri wa kitaalamu unapaswa kwenda aliko mtu huyo.

Tuitazame safari yenyewe, maana hapa ndipo penye jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini huambiwa arudi kliniki baada ya muda fulani. Kwa mtu wa Moshi mjini huenda si taabu kubwa, lakini kwa aliyeko Rombo, Same, au Mwanga milimani, familia inakodi gari, na kwa aliyeko Loliondo safari ya kufika Arusha ni ya siku nzima. Katika gari mgonjwa hakai kwa namna aliyofundishwa. Mwenye kidonda cha kifandugu au cha makalio anakikalia kidonda chake njia nzima, barabara ikimtikisa, kisha anaburutwa kutoka kwenye kiti cha gari hadi kwenye kiti mwendo, na ule msuguano unaikwangua nyama changa iliyokuwa imeanza kujaza shimo. Akifika anasubiri kwenye foleni akiwa amekaa vilevile, nepi imelowa, na hakuna pa kumlaza ili abadilishwe. Anaingia kwa daktari, bandeji inafunguliwa, anaambiwa waendelee vilevile, anarudi nyumbani. Kazi ya subira ya binti yake au mkamwana wake inaweza kuharibika kwa siku moja, na hakuna aliyekosea isipokuwa utaratibu.

Nimewasikia watumishi wenzangu wakisema kwamba kidonda hakiwezi kutibiwa kwa simu kwa kuwa ni lazima kionekane na kushikwa. Ni kweli kwamba lazima kionekane na kishikwe, lakini macho na mikono hiyo si lazima iwe ya mtaalamu. Maswali mengi yanayoamua kama kidonda kitapona hayahitaji kisu wala maabara. Analalia nini? Anageuzwa mara ngapi, na nani, na usiku je? Anakula nini? Mkojo na choo vinamfikia kwenye kidonda? Ana kisukari? Daktari wa kliniki mara chache huyapata majibu haya, kwa sababu anamwona mgonjwa akiwa nje ya mazingira yake, ilhali anayepiga simu ya video kutoka chumbani kwa mgonjwa anaweza kumwonyesha mtaalamu kitanda, godoro lililobonyea katikati, kiti anachokalia mchana na umbali wa kitanda hadi chooni. Kama ningepewa nafasi ya kupanga utaratibu huu, ningeagiza kwamba kila picha ya kidonda iambatane na picha ya godoro.

Picha za kidonda nazo zina kanuni zake, na kanuni hizo hufundishika. Zipigwe kwa mwanga wa mchana, karibu na dirisha, bila kivuli cha mpigaji. Moja ya mbali ionyeshe kidonda kiko sehemu gani ya mwili, nyingine ya karibu ipigwe kamera ikiwa imenyooka, pakiwa na rula au futi ya fundi cherehani kando ya kidonda, na mgonjwa awe amelazwa kwa namna ileile kila mara, la sivyo kidonda kilekile kitaonekana kikubwa leo na kidogo wiki ijayo. Kina hupimwa kwa kijiti safi chenye pamba, na muuguzi pia achunguze kwa upole kama kuna uwazi uliojificha chini ya kingo za ngozi. Harufu haipigwi picha, kwa hiyo iandikwe. Vipimo vikichukuliwa kila wiki, mtaalamu ana cha kulinganisha: kama kidonda hakionyeshi dalili yoyote ya kupona ndani ya wiki mbili, licha ya huduma sahihi, mpango mzima unapaswa kuangaliwa upya.

Kuna jambo moja ambalo naomba wataalamu wetu walisimamie wao wenyewe, kwa sababu mafunzo yanayotoka nje hayalitendei haki. Vitabu vingi hueleza hatua ya kwanza ya kidonda, kabla ngozi haijachanika, kuwa ni wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na kwenye picha ya simu hauonekani kabisa. Mwongozo wa kimataifa wa vidonda vya mgandamizo wa mwaka 2019 unataka ngozi ya aina hiyo ichunguzwe pia kwa joto lake, unyevu wake na ugumu au ulaini wa nyama ukilinganisha na sehemu ya pembeni. Maana yake ni kwamba mtaalamu wa mbali akitegemea picha peke yake atachelewa, naye mgonjwa atafikia hatua ya pili au ya tatu kabla hajashtuka. Anapaswa kumwambia aliye kando ya kitanda: weka mgongo wa kiganja chako hapa, kisha hapa, uniambie palipo na joto zaidi, bonyeza, uniambie kama pamekuwa pagumu au panabonyea kama ndizi iliyoiva sana, muulize kama panamuuma. Mama yeyote aliyewahi kumgusa mtoto mwenye homa anaweza kuifanya kazi hii vizuri, akielekezwa.

Kuhusu kinachopakwa, nasema kwa uchungu kwamba majumbani bado nakuta kapsuli zimefunguliwa na unga wake kunyunyizwa kwenye kidonda, spiriti, na haidrojeni peroksaidi ikimiminwa kila siku kwa sababu inatoa povu na watu huamini kwamba povu ndiyo dalili ya kusafisha. Dawa hizi huumiza nyama inayoota. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, yanatosha kusafishia vidonda vingi, kisha kidonda kifunikwe kisikauke wala kisiloweshe ngozi ya pembeni. Zipo bandeji za kisasa zinazofaa, na asali safi ya kitabibu ina nafasi yake, lakini kinachowekwa juu ya kidonda hakijawahi kushinda kinachokibana kwa chini. Nakuta pia magodoro yaliyotobolewa katikati, mipira ya tairi ya kukalia, na glovu zilizojazwa maji chini ya visigino. Miongozo ya sasa inakataza pete na mipira ya namna hiyo kwa sababu inahamishia mgandamizo kwenye mduara unaokizunguka kidonda na kuzuia damu isifike. Kisigino kinapaswa kuning'inia, mto ukiwa chini ya shavu la mguu. Haya yote ni mambo ambayo mtu akiyaona kwa video anayasahihisha palepale.

Suala la kugeuza nalo linahitaji mtaalamu wa kuzungumza naye, kwa sababu ndilo linalovunja familia. Kila baada ya saa mbili ni mara 12 kwa siku, na kazi hiyo karibu kila mahali inamwangukia mwanamke mmoja, ambaye alfajiri anapaswa pia kwenda shambani au sokoni. Akishindwa usiku wa tatu hamwambii mtu, kwa sababu ameambiwa ni saa mbili na anaona aibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwa wakazi 942 wa nyumba za kulelea wazee nchini Marekani na Kanada, ambao walikuwa katika hatari ya vidonda lakini hawakuwa navyo bado, ulionyesha kwamba wakilala kwenye magodoro ya povu zito hapakuwa na tofauti ya maana kati ya kugeuzwa kila saa mbili, saa tatu au saa nne. Sisemi kwamba kila familia ifuate saa nne. Godoro jembamba lililobonyea si godoro la povu zito, na mwenye kidonda tayari ana hesabu yake. Nasema kwamba mtaalamu akiliona godoro na ngozi ya mgonjwa, anaweza kuipa familia ratiba wanayoiweza, ratiba inayomwachia mhudumu usingizi, na hiyo ni tiba pia, maana mhudumu akianguka hakuna wa kumgeuza mgonjwa.

Chakula nitakigusa kwa ufupi. Mwongozo ule wa mwaka 2019 unapendekeza kwamba mgonjwa mwenye kidonda ambaye ana utapiamlo au yuko katika hatari ya kuupata, apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mtu wa kilo 50 anahitaji basi gramu 60 hadi 75. Uji mtupu na mchuzi wa mtori, huku nyama ikiliwa na wengine, haviwezi kufika hapo. Maharage, mayai, maziwa na dagaa vinaweza, na mtaalamu wa lishe anayesikia kilichopikwa jana atashauri kwa kutumia vilivyomo jikoni, isipokuwa mgonjwa wa figo, ambaye ni lazima ashauriwe kivyake.

Utaratibu ninaouomba si wa kubuni. Mwaka 2003 Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alipoona wagonjwa wa homa ya ini aina C wakisubiri na kusafiri mbali kumfuata, alianzisha vikao vya kila wiki vya video ambapo watumishi wa vituo vya vijijini na magerezani walieleza wagonjwa wao mbele ya jopo la wataalamu, wakashauriwa, wakaenda kutibu wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 kwa wagonjwa 407 yalionyesha waliopona walikuwa asilimia 57.5 katika kliniki ya chuo kikuu na asilimia 58.2 kwenye vituo hivyo vya pembeni. Naona njia hiyo inafaa hata zaidi kwa vidonda, kwa sababu mgonjwa mmoja akielezwa na muuguzi wa Tarakea, wauguzi wa Ngorongoro, Karatu na Same wanaosikiliza wanajifunza kitu watakachokitumia jioni hiyohiyo. Na baada ya mwaka mmoja, muuguzi wa zahanati hataulizia tena mambo mepesi; ataleta yale magumu tu.

Kanda yetu haina upungufu wa mahali pa kuanzia. KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi na iliyofunguliwa mwaka 1971, ndani yake kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 ili kuwapa ujuzi wa bingwa watumishi wasio mabingwa, wanaorudi kufanya kazi katika nchi mbalimbali za Afrika. Kuna pia chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981, ambacho kinafundisha pia mambo ya viti mwendo. Mtu anayejua ngozi, mtu anayejua kiti na mto wa kukalia, daktari wa upasuaji, muuguzi wa vidonda na mtaalamu wa lishe wakikaa pamoja saa moja kwa wiki mbele ya kamera, na hospitali za Mawenzi na Mount Meru zikashiriki, jopo limekamilika.

Najua wapo watakaosema kwamba jambo hili tayari linafanyika, kwa kuwa kila muuguzi ana namba ya daktari fulani na humtumia picha kwa WhatsApp. Ni kweli, na madaktari wengi wanajibu kwa moyo, wakati mwingine usiku wakiwa na familia zao. Lakini huo ni wema wa mtu binafsi. Daktari akihama au akichoka, mgonjwa amebaki peke yake. Ushauri hauandikwi kwenye faili, kwa hiyo atakayefuata anaanza upya. Na picha za makalio ya mama wa mtu zinabaki kwenye simu ambayo kesho inaweza kuuzwa au kuibwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya zinastahili ulinzi wa hali ya juu. Mgonjwa aombwe ridhaa, uso na jina visiwemo kwenye picha, simu iwe ya kituo, na picha ziingie kwenye kumbukumbu za hospitali kisha zifutwe kwenye simu. Mzee aliyelala hana nguvu ya kujifunika. Heshima yake ilindwe na sisi.

Simu ina mipaka, nayo ianikwe wazi ukutani katika kila zahanati. Mgonjwa mwenye homa, anayetetemeka au aliyechanganyikiwa ghafla. Kidonda ambacho mfupa unaonekana au unaguswa na kijiti. Nyama nyeusi iliyokufa yenye usaha na harufu kali. Wekundu, joto au uvimbe unaosambaa haraka pembeni. Damu isiyokoma: hawa wasisubiri kikao cha wiki cha jopo. Wapelekwe siku hiyohiyo, wakiwa wamelazwa ubavu na si kukalishwa, na hospitali iwe imepigiwa simu kabla hawajafika ili wapate kitanda badala ya benchi. Naomba pia wataalamu wasiogope kusema kwamba baadhi ya vidonda vya wagonjwa walio mwisho wa maisha havitapona, na hapo kazi ni kupunguza maumivu na harufu na kumwacha mtu apumzike kwake.

Kinachohitaji fedha si kikubwa, lakini kipo na kisibebwe na muuguzi mfukoni mwake: bando la intaneti, simu yenye kamera nzuri kwa kila kituo, na saa za wataalamu zihesabiwe kuwa saa za kazi katika ratiba zao. Wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatekelezwa, ushauri wa mbali pamoja na gozi na bandeji zinazotumika nyumbani vitambuliwe kuwa ni matibabu, maana bila hivyo hospitali italipwa mgonjwa anapoletwa na haitapata kitu inapomwokoa asiletwe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba, wafundishwe kukagua kifandugu na visigino kama wanavyofundishwa kupima hali ya lishe ya mtoto.

Hospitali zinaweza kuanza hata kabla ya bajeti ijayo, mlangoni pa wodi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza asiruhusiwe kuondoka kabla ya kupimwa hatari yake kwa kipimo cha Braden, ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1987 na kinajazwa na muuguzi kwa kalamu tu, na kabla ndugu atakayemhudumia hajamgeuza yeye mwenyewe mbele ya muuguzi. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa, chini ya orodha ya dawa, iandikwe zahanati iliyo jirani na mgonjwa, namba ya simu ya kituo hicho, na tarehe ambayo muuguzi wake atapiga simu ya kwanza ya video kutoka nyumbani kwa mgonjwa.

Muuguzi mstaafu,
Moshi